Katuma, Mwezi wa Kumi

Mwaka mzima tulichanga, ndugu wanne, elfu thelathini kila mmoja kila mwezi, ili mama yetu apelekwe mbugani kabla magoti hayajamkatalia kupanda gari. Mwezi wa saba mfuko ukatimia, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Twende wapi?

Mdogo wangu anayeishi Mwanza hakuona cha kujadili. Serengeti iko mlangoni kwake. Ukishika barabara ya Musoma, lango la Ndabaka haliko mbali, na nani asiyetaka kumwona nyumbu akivuka mto Mara? Wifi yangu wa Dar es Salaam alitaka Mikumi, maana siku hizi unapanda treni ya umeme alfajiri, unashuka Morogoro, unakodi gari, na kabla ya chakula cha mchana umeshaona twiga. Mimi moyo wangu ulikuwa Tarangire, kwa ajili ya tembo. Picha zikatumwa kwenye kundi la familia, bei zikatumwa, kila mtu akarekodi sauti yake. Mama alinyamaza siku tatu. Ya nne akatuma ujumbe wa sauti mfupi: "Wanangu, mimi nipelekeni Mpanda. Kule kuna viboko. Na tukirudi nirudi na mchele wa kule."

Utoto wa mama ulipita Mpanda, babu alipokuwa fundi wa njia ya reli. Tangu aolewe alikuwa hajarudi. Mdogo wangu aliuliza, kwa heshima lakini kwa mshangao wa kweli, Mpanda kuna nini. Sikuwa na jibu. Nimezaliwa Tabora, nimefundisha Tabora, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi nilikuwa naijua kama jina kwenye ramani ya darasani: ilianzishwa 1974, kilomita za mraba 4,471, magharibi ya mbali. Watoto wangu wa darasa la tano wangeweza kuniambia hivyo hivyo.

Ilibidi nisome, niulize, nipige simu. Na katika kuuliza nikagundua kwamba maswali yetu yote pale kwenye kundi yalikuwa yameanzia pabaya. Tulikuwa tunauliza hifadhi gani ina wanyama wengi. Lakini mnyama hakai hifadhini kama kitabu rafuni. Nenda mto Mara mwezi wa pili uone: nyumbu wako kusini kabisa, upande wa Ndutu, wanazaa. Nenda Tarangire mwezi wa nne, mvua ikiwa imejaa, na tembo wengi uliowafuata wametawanyika nje ya hifadhi, kwa sababu maji yako kila mahali na hawana haja ya kubanana mtoni. Anayechagua mahali bila kuchagua mwezi amechagua nusu tu. Kila niliyempigia kuhusu Katavi, kuanzia dereva hadi mhudumu wa nyumba ya wageni, aliniuliza jambo moja kabla ya yote: mnakuja mwezi wa ngapi? Nikisema wa tano, sauti inapoa. Nikisema wa tisa mwishoni au wa kumi, inachangamka. "Njooni kabla mvua haijaanza, mama. Mto ukiwa mdogo, wote mtawakuta hapo."

Basi tukaondoka mwezi wa kumi, mama na mimi, kwa treni, kwa sababu mama alisema hawezi kurudi Mpanda kwa basi. Lami ya kutoka Tabora kupitia Sikonge na Inyonga ipo, na kwa basi tungefika mapema zaidi. Hilo halikumbadilisha mawazo. Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilifika huko mwaka 1950 kufuata madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, treni ikabaki, na kwa vijiji vingi vya katikati ya miombo treni hiyo ndiyo duka, ndiyo posta, ndiyo gari la wagonjwa. Usiku kucha ilisimama na kuondoka. Wanawake walipandisha hadi dirishani kuku, karanga, na asali nyeusi kwenye chupa za maji. Tulivuka mto Ugalla. Tulipofika Katumba mama aliniamsha anionyeshe, ingawa yeye alipaacha kabla makazi hayo hayajakuwapo. Yalifunguliwa kwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na wengi wao na watoto wao leo ni raia wa Tanzania. Akinamama walishuka na mafurushi, wakipokelewa na wajukuu. Mama aliwaangalia mpaka treni ikaondoka.

Mpanda hakuitambua. Alitafuta nyumba za reli kwa macho, akaona ghorofa, bajaji, mabango ya mitandao ya simu. Hilo halikunishangaza. Mwaka 2012, mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, sensa ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa mzima umeongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi: wafugaji na wakulima kutoka Shinyanga, Simiyu, Tabora, wachimbaji wa dhahabu, wafanyabiashara. Pale stendi nilisikia Kisukuma kingi kuliko Kikonongo au Kipimbwe.

Tulikula kwa mama lishe mmoja karibu na soko. Wali na migebuka, samaki mwembamba wa Ziwa Tanganyika, aliyekaushwa kisha akaungwa kwa nyanya na nazi. Mama aliuchota wali kwa vidole, akaunusa kwanza, kama afanyavyo siku zote akiwa ugenini. Punje zilikuwa nzima, ndefu, na harufu yake ilitangulia mdomoni. "Huu," alisema. Alikula sahani nzima, yeye ambaye nyumbani anaacha nusu.

Gari tuliloagiza kwa simu wiki mbili kabla halikuja. Tulisubiri kuanzia saa kumi na moja alfajiri, mama amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya wageni amevaa viatu vyake vipya vya safari. Saa tatu mwenye gari akapokea simu, akasema amepata wateja wa siku nne na sisi ni wa siku moja, tumsamehe. Kianzio alikirudisha jioni ile ile. Lakini siku ilikuwa imekatika, na mama hakusema neno. Aliingia ndani akavua viatu.

Kijana wa bajaji aliyekuwa amepaki hapo nje alituonea huruma. "Bibi, kama mnataka kuuona huo mto wenu leo, mimi nawapeleka Mwamkulu. Ndio huo huo unaokwenda kwa viboko."

Naiandika siku hiyo kwa urefu kwa sababu bila yake nisingeelewa ya kesho yake. Mwamkulu ni kata ya Manispaa ya Mpanda, na ni nchi ya mpunga. Mwezi wa kumi hakuna mpunga shambani. Kuna mabua yaliyokanyagwa na ng'ombe, udongo mweusi uliopasuka mipasuko ya kuingia mguu, na majaruba yaliyochorwa na matuta mpaka macho yanapokomea. Mto Katuma tulioukuta pale ulikuwa kijito cha kuvuka bila kuvua viatu. Mahali pawili nikaona mabaki ya banio: magunia ya mchanga, magogo, matope yaliyoshindiliwa, mfereji ukitoka pembeni. Wakati wa masika, maji yakipanda, mfereji kama huo unayaingiza majarubani. Yakishuka, asiyeziba mfereji wake anaendelea kuyavuta.

Mzee aliyekuwa akichunga hapo alikuja kutusalimia. Mama na yeye walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana kwao, wakapata mtu wanayemfahamu wote Tabora, kama wazee wapatavyo siku zote. Nilimuuliza kama maji yalikuwa hivi zamani. Akasema alipohamia hapa miaka ya tisini, mwezi kama huu mto ulikuwa unafika kiunoni. Nikamuuliza nini kimetokea. Akanitazama usoni kwanza.

"Mwalimu, kimetokea sisi. Tumekuwa wengi. Mimi mpunga huu umenisomeshea watoto watano. Nikwambie niache?"

Sikumwambia aache. Nisingeweza, na ladha ya ule wali bado ilikuwa mdomoni mwangu.

Mabanio haramu katika bonde la Katuma yamewahi kubomolewa, na watafiti waliochunguza viboko wa Katavi wameandika kwa miaka mingi kuhusu maji yanayochotwa juu ya mto na mto unaokauka mapema kuliko zamani. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma Tabora. Kuyasoma ni jambo moja, na kusimama juu ya gunia la mchanga huku mama yako akiongea na mwenye shamba ni jambo lingine.

Kesho yake gari lilipatikana Sitalike kwenyewe, kijiji kilicho mpakani mwa hifadhi, mwendo wa chini ya saa moja kusini mwa Mpanda. Nawashauri wenzangu wafanye hivyo tangu mwanzo: wafike Sitalike, walale pale, wamtafute dereva wa pale. Makao makuu ya hifadhi yako hapo, TANAPA wana nyumba za wageni hapo, na kiingilio kwa Mwafrika Mashariki mtu mzima hakifiki shilingi elfu kumi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Kinachokula fedha ni gari. Sisi tulilipa laki tatu na nusu kwa siku, mafuta ndani, na mkiwa sita mnagawana. Kwa fedha tuliyochanga, Serengeti ingemfikisha mama peke yake na kumrudisha akiwa na haraka. Katavi ilitutosha wawili, treni ya kulala, siku moja ya gari, na chenji ya mchele.

Hata kabla ya kulipa, darajani pale Sitalike, tayari unawaona. Watoto wa shule walikuwa wanavuka na madaftari yao kichwani na chini yao, kwenye bwawa la mto, vichwa vya viboko vimepangana. Hakuna mtoto aliyegeuka kuwatazama.

Dereva wetu alikuwa kijana wa Kipimbwe, mtaratibu, aliyemwita mama "bibi" na mimi "mama mwalimu". Kwanza alitukagua nguo. Kitenge changu cha bluu akaomba nikibadilishe, kwa sababu ndorobo wanapenda bluu na nyeusi. Kisha akafungua nyuma ya gari, akatoa kopo kubwa la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, ndani yake kinyesi cha tembo kilichokauka, akakiwasha. Kikafuka moshi mwepesi, wenye harufu ya majani makavu. Akalining'iniza nyuma kwa waya. Kwenye msitu wa miombo ndorobo walitufuata wakigonga vioo kama mvua ya mawe, na waliopenya waliuma kweli, kupitia soksi. Lakini moshi uliwapunguza. Asiyeweza kuvumilia ndorobo asiende Katavi. Atakayewavumilia saa moja ya miombo atatokea mbugani, na mbugani hawamfuati sana.

Mbuga ya Katisunga ilitufungukia ghafla. Nyasi za rangi ya dhahabu, mivumo imesimama mmoja mmoja, na vumbi jekundu kwa mbali ambalo dereva alisema ni nyati. Lilikuwa kundi ambalo sikuona mwisho wake. Tulizima gari wapite. Walipita kwa dakika zisizopungua ishirini, kwato zikisaga nyasi, ndama katikati, madume pembeni wakituangalia kwa hasira ya kimyakimya. Katika muda wote huo hatukuona gari lingine. Siku nzima tuliona mawili. Watu waliowahi kwenda kaskazini wananiambia huko simba mmoja huzungukwa na magari kumi na tano. Sisi tulimkuta simba jike amelala chini ya mkwaju na wanawe watatu, tukakaa nao mpaka mama akaanza kusinzia.

Tembo tulikutana nao wakichimba. Mto wenye mchanga mkavu, tembo jike anachimba kwa mguu wa mbele, anafagia mchanga kwa mkonga, anangoja shimo lijae maji, anakunywa, kisha anampisha mwanawe. Nilipowaangalia nilikumbuka kisa ambacho huwa nakifundisha darasani. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne wa India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam, watembezwe hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika, ambako leo ni mkoa huu huu wa Katavi. Alitaka kujua kama wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Wote wanne walikufa, na kiongozi wa msafara, Carter, akauawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe. Nilimsimulia dereva. Akasema hajawahi kukisikia, na Mpimbwe ndiko kwao. Akaniomba nirudie majina polepole, akayaandika kwenye simu.

Saa nane mchana tulifika Ikuu, penye daraja na kituo cha askari wa hifadhi.

Kelele zilitangulia. Ngurumo fupi fupi, kama watu wengi wanaocheka vifua vikiwa vimeziba, moja ikianza na nyingine zikiitikia mpaka mwisho wa mto. Halafu harufu, nzito, ya matope na kinyesi. Tukashuka na askari, tukasimama ukingoni juu.

Mto haukuwapo. Palikuwa na dimbwi refu la tope la kijivu, na ndani yake viboko wamebanana kiasi kwamba ungeweza kuvuka ng'ambo ukikanyaga migongo. Yangeyange walikuwa wanafanya hivyo hasa, wanatembea kutoka mgongo hadi mgongo wakidonoa. Maji, kama ni maji, hayakuwafunika. Migongo yao ilikuwa juani, na kwa kiboko jua ni adui: ngozi yake inakauka na kupasuka, na ule ute mwekundu anaoutoa, ambao watu huuita jasho la damu, ndio dawa yake. Niliziona nyufa kwa macho, nyeupe kwenye ngozi ya kijivu, kama zile za udongo wa Mwamkulu. Kila mara mmoja alijigeuza mzima mzima, miguu juu, ili tope limpake mgongo, na waliokuwa karibu naye wakanguruma, wakafunua vinywa, meno yakagongana.

Kwenye kingo, ndani ya mapango yaliyochimbwa na maji ya miaka yote, walilala mamba. Pango moja lilikuwa na mamba watano au sita wamepangana juu ya wenzao kama magogo kwenye lori. Hivyo ndivyo wanavyoumaliza ukame. Hawali, hawaendi popote, wanangoja.

Mama alianza kuwahesabu viboko kwa kidole. Alifika sitini na kitu, akaacha, akashusha mkono.

Pembeni kabisa ya dimbwi, mahali tope lilipokuwa limeshaanza kuwa udongo, alikuwapo dume mmoja mzee. Mwili wake ulikuwa na makovu marefu, mapya na ya zamani. Alitaka kuingia katikati. Alisogea hatua mbili, kichwa kimeinama, akafika kwa dume mwingine mkubwa, yule akafunua kinywa tu, hakumwuma. Mzee akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili, akajilaza palepale pakavu, akalegeza kichwa juu ya udongo. Baada ya kitambo akasimama tena, akajaribu upande mwingine, na upande huo pia akarudishwa. Tulikaa pale karibu saa mbili na alijaribu mara nne.

"Shikamoo bibi," askari alikuwa amemwambia mama tulipofika, na mama alikuwa ameitikia bila kumtazama. Sasa akamgeukia. "Mwanangu, huyu atafika mvua?"

Askari hakumdanganya. "Sijui, bibi. Wengine wanafika. Wengine tunawakuta asubuhi."

"Hamwezi kumletea maji?"

"Hawa wote, bibi? Maji yao yako juu kule." Akaonyesha kwa kidevu upande wa Mpanda, tulikotoka.

Akatueleza jinsi mto unavyokwenda. Katuma unatoka juu, unapita mashambani, unaingia hifadhini kwa Sitalike, unamwaga Ziwa Katavi, halafu Katisunga na Ziwa Chada, halafu maji yaliyobaki yanashuka kwa mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Maziwa hayo mawili ya hifadhini mwezi wa nne ni bahari ndogo, na mwezi wa kumi ni uwanja wa nyasi. Kiangazi ni cha asili, alisema, kiboko wa Katavi amezaliwa nacho na amekizoea, na wageni wanakuja mwezi huu kwa sababu hiyo. Ila siku za tope zimekuwa nyingi. Zamani dimbwi kama hili lilikuwa la wiki chache kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja. Siku hizi linaanza mapema.

Nilisimama pale na jambo moja likanisumbua, na bado linanisumbua. Mandhari hii ndiyo inayouzwa. Picha ya viboko mia wamebanana kwenye tope ndiyo inayomleta mgeni kutoka Ulaya kwa ndege ndogo hadi kwenye kambi za kifahari za Chada, na ndiyo iliyotuleta sisi. Tuliambiwa njooni mto ukiwa mdogo, na tukafurahi. Kwa hiyo nasema wazi: Mtanzania anayechagua pa kwenda aje Katavi, na aje mwezi wa kumi, lakini asije kuangalia tope tu. Apite Mwamkulu kwanza. Ale wali wa Mpanda, auone mto juu na chini, kisha arudi alikotoka akiwa mtu wa kuulizia mto huu. Serengeti ina watu wa kuisemea dunia nzima. Katuma hauna watu wengi. Na mzee wa Mwamkulu hahitaji kulaumiwa na mtu aliyeshiba mpunga wake. Anahitaji bwawa la kuhifadhi maji ya masika, mfereji wenye lango linalofungika, na mtu wa kuhakikisha linafungwa mwezi wa tano. Hayo ni mambo ya fedha na ya siasa, na sisi tunaochanga elfu thelathini thelathini kwa ajili ya mapumziko ni wapiga kura.

Tulirudi kwa njia ya Ziwa Katavi, kwenye jua la kuzama. Dereva alisimamisha gari mbali kidogo na mkwaju mmoja mkubwa na hakuzima injini. Pale, alisema, ndipo anapokaa Katabi, mwindaji wa zamani ambaye jina la hifadhi limetokana naye. Wapimbwe na Wabende huja kumwachia vitu na kumwomba. Mama akamuuliza wanaomba nini.

"Mvua, bibi. Wengi wanaomba mvua."

Mama akaomba ashuke. Dereva akatazama kushoto na kulia, akatikisa kichwa: hapana, hapa hatushuki, saa hii simba wanaamka. Mama akafungua kioo, ndorobo au hakuna ndorobo, akakaa ameelekea mkwaju ule, midomo ikicheza. Sikumuuliza alisema nini.

Siku ya mwisho tulikwenda sokoni Mpanda kwa ajili ya mchele. Mwanamke aliyetuuzia alikuwa na magunia manne mbele yake, kila moja na kibao cha bei. Mama alizama mkono kwenye la pili, akanusa.

"Huu wa wapi, mwanangu?"

"Mwamkulu huo, mama. Wa mwaka huu. Nikupimie ngapi?"

Mama alinitazama. Nikamwachia yeye aamue.

"Kumi," akasema.

Akiwa anapima, yule mwanamke akatuuliza tumetoka wapi na tulikuwa tunafanya nini huku. Tukamwambia. Akasimama, sahani ya mizani mkononi. Alikuwa na miaka kumi na nane Mpanda na hajawahi kuingia hifadhini. Alidhani ni kwa Wazungu, ni dola. Nilimtajia kiingilio. Akanifanya nirudie. Akauliza kuhusu watoto, nikamwambia walio chini ya miaka mitano hawalipi kabisa. Akauliza gari, nikampa namba ya dereva wa Sitalike, akampigia pale pale huku mchele wetu ukiwa nusu kwenye mfuko.

"Nao hao viboko," akaniuliza akiwa ameziba simu kwa kiganja, "wanaonekana mwezi wowote?"

"Nenda kabla mvua haijanyesha," mama akamjibu. "Nenda wiki hii. Na upande wa kulia wa daraja la Ikuu, pembeni kabisa, kuna mzee mmoja ana makovu. Uniangalizie kama bado yupo."